Kigari cha Kusukumwa

Darsait, Maskati
12 Oktoba 2024

Binti yangu Shatha,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama Mahfudha anakusalimu na anauliza kama huko Auckland unakula chakula au unajidanganya na mikate mikavu. Nnakuandikia barua ya imeli kwa sababu ile ile ya siku zote: ujumbe wa sauti nnausahau kabla sijaumaliza, na wewe Kiswahili chako kitaota kutu usipokiandika. Basi nijibu kwa Kiswahili, na usinitilie vile vichwa vya manjano vinavyocheka.

Sasa kaa vizuri. Unamjua Nasr, jirani yetu. Babu yake, marehemu Mzee Sleiman, alikuwa na banda nyuma ya soko la mboga la Mawaleh. Soko limeshahamia Barka na banda linatakiwa liwe tupu, kwa hivyo Nasr akaniita nimsaidie na pikapu. Tumetoa makreti, mizani mibovu, mafeni yasiyo na mapanga. Chini ya turubali la mwisho tukakuta kigari.

Nnaposema kigari usifikiri cha watoto. Mgongo wake haunifiki kiunoni, lakini ndani mna injini ya kweli ya silinda nane, ndogo, ambayo sijapata kuiona, na mimi umri wangu wote nimeumaliza karakana ya serikali. Taa hakina. Milango hakina. Kiti kimoja, unakaa wima, na shafti inapita baina ya miguu yako. Mkono wa breki uko nje ya bodi. Nimetafuta stata mpaka shingo imeniuma, hakuna. Klachi hakuna. Gia hakuna, ila kijiti kimoja cha kuunga injini na magurudumu au kuitenga, basi. Na tairi ya nyuma ya kulia ni kubwa kuliko ya kushoto! Nani alikuwa amelewa siku alipokitengeneza?

Nasr kasema, "Ami Amur, kichukue. Babu alipewa na mzungu mmoja mjenga barabara, zaidi ya hapo hakuna ajuaye." Nimekileta mtaa wa Ghala, gereji kwa Osama, amenipa pembe moja. Ubavuni pana namba 31, na chini yake kwa herufi ndogo: W. Hallam, Auckland. Ndiyo maana nnakuuliza wewe. Nitafutie hii ni nini.

Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kungoja adhana inijuze ni saa ngapi. Jana nimechelewa chakula cha mchana, na Mama Mahfudha hakugomba. Alinitazama mikono ilivyochafuka, akacheka.

Ami yako,
Amur

*

Auckland
27 Oktoba 2024

Ami yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Ninakula, mwambie Mama Mahfudha, na wali ninaupika mwenyewe, ingawa nazi ya kopo si nazi.

Ami, umeokota kitu cha ajabu. Ni gari la mashindano. Nilimwonyesha picha zako mwalimu wangu mmoja mwenye mvi, akaacha kuzungumza habari za mtihani akavuta kiti. Anasema vigari hivi vilianza Marekani miaka ya thelathini, wakati uchumi umeanguka na watu hawana uwezo wa magari makubwa ya mashindano. Watu wakaingia mabandani mwao, wakachukua injini za pikipiki, za motaboti, za magari madogo yaliyokufa, wakajiundia. Walikimbizana popote penye uwanja wa duara: viwanja vya mpira, vya farasi, vya udongo mtupu. Watu walijaa kuwatazama kwa maelfu. Baada ya vita kuu kulikuwa na madereva waliokimbia karibu kila siku ya wiki, leo mji huu kesho mji ule, kigari kinavutwa nyuma ya gari la nyumbani. Huku New Zealand vilifika kabla ya vita, na vingi viliundwa na watu wa kawaida, mafundi bomba na wauza nyama, kwa mikono yao.

Na hakuna aliyelewa, Ami! Mbio zao ni kuzunguka kushoto tu. Tairi kubwa ya kulia ndiyo inayokisaidia kigari kupinda kushoto. Ekseli ya nyuma imeungana moja kwa moja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawa, kwa hivyo kwenye kona lazima kiteleze. Dereva anakwenda kushoto huku usukani ameukatia kulia. Nimesoma sentensi hiyo mara tatu.

Stata hakina kwa sababu stata ni uzito. Kigari hiki hakijiwashi. Gari jingine linakisukuma kwa nyuma, wewe unaunga kile kijiti chako, injini inashika, ndio unakwenda. Tafadhali, nakujua: usikitilie stata, na usizisawazishe tairi.

Nitamtafuta huyo W. Hallam.

Binti yako,
Shatha

*

Darsait
15 Novemba 2024

Shatha,

Umechelewa. Stata nilikwisha kuipata, na kibati cha kuifungia nimeshakichonga. Nimekitupa. Mama Mahfudha anasema hajapata kuniona nikimsikiliza mtu hivyo katika ndoa yetu yote.

Ntakwambia kitu. Injini nimeifungua yote. Haikufa, ilikauka tu. Lakini si injini iliyonishika, ni mkono wa huyu bwana Hallam. Mkia wa kigari ni bati la aluminiamu lililogongwa kwa nyundo, na ukitia taa kwa ndani unaziona alama za nyundo, moja moja, hazikuzidi wala hazikupungua. Kila kibati amekitoboa matundu kupunguza uzito, na kila tundu amelipiga tupa ukingo wake likawa laini, hata kule ndani ambako hakuna jicho litakalofika. Pedali ya mafuta ameifua kutokana na spana. Spana, Shatha! Jina la kiwanda bado linasomeka. Nilikaa nalo kidole gumba juu yake, nikasahau chai.

Mimi nimetengeneza magari ya taka, ya maji, ya zimamoto, magreda. Kazi ya halali na ya heshima, sijutii. Lakini hakuna hata moja katika hayo lililoundwa kwa ajili ya kwenda mbio na kupendeza tu. Hiki, kila nnapokigusa nnamwona mtu aliyekuwa akirudi kazini amechoka, akala, akaingia bandani kwake kwa raha ya nafsi yake.

Sasa Ijumaa gereji imekuwa baraza. Nasr anakuja, Osama anapika kahawa, na wazee wa mtaa wanakuja kukitazama, mmoja anasema kama samaki, mwingine anasema kama dawa ya kikohozi, maana nimekirudishia rangi yake ya zamani, nyekundu. Mashaallah wanasema wote, Mama Mahfudha kawafundisha. Yeye anaogopa jicho kuliko moto.

Nnataka kitu kimoja tu. Kikiwa tayari, niingie mimi mwenyewe, Nasr anisukume na pikapu, nizunguke. Mara moja tu, kushoto, usukani kulia. Sijatamani kitu namna hii tangu nilipokuwa kijana nikitamani kuoa.

Ami Amur

*

Auckland
9 Desemba 2024

Ami,

Nimempata! Si W. mwenyewe, huyo Walter amefariki zamani. Nimempata mwanawe, Colin Hallam, mzee wa miaka sabini na saba, mrefu, ana mikono mikubwa na husikii anachosema mpaka usogee.

Kuna chama cha wazee wanaovitunza vigari vya zamani. Nilikwenda uwanjani kwao Jumapili. Ami, picha hazisemi kweli. Vilitoka vitano, vya kijani, vya manjano, cheupe kimoja, vikasukumwa kimoja kimoja, na kila kimoja kiliposhika nilihisi mlio kifuani kabla ya masikio. Halafu kona. Vinaingia ubavu ubavu, mkia unataka kutangulia mbele, gurudumu la mbele linatazama kwengine kabisa, udongo unaruka, na mzee aliye ndani ametulia, viwiko vinafanya kazi tu. Nilipiga kelele peke yangu, binti mwenye mtandio, watu wakageuka wakanicheka, nikacheka nao.

Nikawaonyesha picha ya namba 31. Wakaniita Bwana Colin. Aliitazama simu yangu muda mrefu, akavua miwani, akaipangusa, akaitazama tena. Anasema baba yake alikiunda mwaka 1949, yeye akiwa mtoto wa miaka miwili, na alikua akilala kwa mlio wake. Mwaka 1976 Walter alipata kazi ya barabara huko kwetu, akakichukua ndani ya kontena pamoja na vyombo vya nyumba, na Ijumaa alikuwa akikikimbiza kwenye mchanga mgumu wa Azaiba. Akarudi bila ya kigari. Kwa nini, ataniambia siku nyingine, anasema ni hadithi ndefu.

Ameniomba ruhusa yako: anataka kuja Januari kukiona. Kukiona tu. Nimemwambia kwa Ami Amur huhitaji ruhusa, unahitaji njaa.

Nilikunywa chai kwao. Binti yake, Wendy, ana vikombe vizuri vya maua, nikavisifu. Akasema asante, basi! Nikabaki nikingoja aseme "halali yako", yaani vichukue, ili na mimi nimjibu "Mungu akubarikie navyo", tumalize adabu yetu. Kumbe kwao ukisifu kitu umesifu tu. Nilicheka njia nzima.

Shatha

*

Darsait
2 Februari 2025

Shatha,

Mgeni wako amekuja na ameondoka salama. Ni mtu mwema, ana adabu, na anapenda halwa. Kila kitu kimekwenda vizuri, alhamdulillah.

Habari za kigari tuziache kidogo. Wewe soma vitabu vyako.

Ami Amur

*

Darsait
5 Februari 2025

Mwanangu Shatha,

Mimi si mwandishi, nnaandika kwa kidole kimoja, lakini ami yako kakuficha na mimi siwezi kukaa na jambo tumboni.

Huyu Bwana Colin tumempokea kama inavyotakiwa. Nimempikia biriani, nimempikia pweza wa nazi, kala vyote. Ijumaa wakamchukua Ghala. Walikuwapo Nasr, Osama, wazee wote wa kahawa, na mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kuuona uso wake. Mzee wa watu akakizunguka kile kigari. Akaweka kiganja juu ya mkia. Akaiona ile pedali ya spana, akapiga magoti chini, kwenye mafuta, na suruali yake safi. Halafu akainuka akamwambia ami yako kwa Kiingereza kwamba katika maisha yake hajaona kitu kizuri kama hiki.

Sasa ami yako kalelewa. Atasema nini? Kasema, "Ni yako, ndugu yangu." Kama unavyomwambia mtu aliyesifu saa yako au kanzu yako. Tukangoja mgeni aseme hapana, Mungu akubarikie nacho, tunywe kahawa.

Shatha, yule bwana kalia. Kamkumbatia ami yako, kasema asante, asante, hajui atamlipa nini. Kikombe cha Osama kilibaki hewani. Mimi nilitaka kusema, nikaona ami yako amenikazia macho. Kampongeza, "Mabruk." Kasema baada ya Idi atakitia sandukuni yeye mwenyewe na kukipeleka bandarini.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuzunguka. Nasr kashaweka mafuta. Ami yako alimpa Bwana Colin aonje kukaa, yeye mwenyewe hakukaa. Tangu hapo haendi Ghala. Chakula anakigusa tu, anasema tumbo. Leo nimemkuta anaangalia saa, anangoja adhana.

Nasr alimwambia, "Ami, tumuandikie tumueleze, wazungu hawajui mambo haya." Kapigiwa ukelele mpaka akaondoka bila ya kuaga.

Usimwambie kama nimekwambia. Au mwambie, hainishughulishi.

Mama yako,
Mahfudha

*

Auckland
9 Februari 2025

Ami,

Mama Mahfudha ameniambia. Usimkasirikie.

Ami, hili ni jambo dogo! Bwana Colin ni muungwana. Nitakwenda kwake kesho, nitamweleza kwa upole kwamba kwetu lile neno ni adabu, ni sawa na wao wanavyosema "tutaonana". Ataelewa, ataomba radhi, na wewe utazunguka. Umefanya kazi miezi yote hii. Ulitaka kitu kimoja tu. Mimi ndiye niliyemleta kwako, basi niache nilitengeneze.

Nasubiri jibu lako leo leo.

Shatha

*

Darsait
10 Februari 2025

Shatha,

Hapana.

Nisikilize kabla hujakasirika. Nilisema "ni yako". Nilisema mbele ya watu, mgeni wangu amesimama, mkono wake uko juu ya kazi ya baba yake. Hakuniomba. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Ukienda kumwambia kuwa lile lilikuwa neno la kupita, utakuwa umemwambia kwamba alilia mbele ya watu ambao ndani ya nyoyo zao walikuwa wakimshangaa. Utamtia aibu mzee wa miaka sabini na saba kwa ajili ya kigari. Bora nisikione tena.

Na ukweli ni kwamba huenda ni haki yake. Baba yake ndiye aliyezipiga zile tupa. Mimi nimekuja nimepangusa vumbi.

Lakini nisikufiche wewe, maana ukifichwa unamuuliza Mama Mahfudha. Roho inaniuma. Nimeona haya kusema kwa sababu mtu wa miaka yangu hatakiwi kuumwa na roho kwa kitu cha kuchezea. Niliposikia ile injini ikishika mara ya kwanza, tumekiinua juu ya mawe kujaribu tu, nilihisi kana kwamba na mimi nilikuwa chini ya turubali pamoja nacho. Sikuweza kumwambia mtu hilo. Sasa nimekwambia, liishe.

Nnataka ahadi yako kwamba hutamwambia neno. Niandikie "naahidi", na usipindishe.

Ami Amur

*

Auckland
11 Februari 2025

Ami,

Naahidi. Nimelia, lakini naahidi.

Shatha

*

Auckland
6 Aprili 2025

Ami yangu mpenzi, na Mama Mahfudha ambaye najua anasoma nyuma ya bega lako,

Idi njema. Ahadi yangu nimeitimiza: sikumwambia Bwana Colin neno hata moja. Soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu.

Jumamosi aliniita chai. Nilikwenda moyo mzito, nimejiandaa kusikia sanduku litafika lini. Siku hizi haishi kwenye nyumba yake, ameiuza. Anaishi vyumba viwili karibu na Wendy, na nje pana nafasi ya maua tu. Alizungukazunguka na maneno, akauliza habari zako mara mbili, mwisho akanishika mkono akasema, "Shatha, niko katika shida, na lazima uniahidi hutamwambia ami yako." Nikaahidi. Siku hizi mimi ni ghala la ahadi.

Akanipa ile hadithi ndefu. Walter alipofika Maskati aliambiwa na wenzake kazini: hapa mtu akisifu kitu chako, ni lazima umpe. Hawakumwambia kuwa yule aliyesifu naye ni lazima akatae. Basi Ijumaa moja Azaiba akapita mzee mmoja wa Mawaleh mwenye gari la mboga, akasimama akatazama, akasema kwa ishara na kwa Kiarabu kwamba hiki kitu ni kizuri, mashaallah. Walter akakumbuka aliyoambiwa. Akamwambia ni chako. Mzee Sleiman akakataa. Walter akaona amemuudhi, akashikilia. Mzee akakataa tena, Walter akazidi kushikilia, mpaka maskini wa watu akaona kukataa zaidi ni kumvunjia mgeni heshima. Akakivuta kwa gari la mboga. Hakujua akifanyie nini, akakifunika vizuri. Walter alirudi New Zealand akajisifu mpaka anakufa kwamba alifuata mila za watu.

Colin alikuwa akiijua hadithi hii, Ami. Alipokusikia unasema "ni yako", akakumbuka baba yake, akadhani kwenu kukataa ni kosa kubwa. Akapokea! Alipanda ndege akiwa na furaha, na alipofika juu ya Bahari ya Hindi akaanza kujiuliza atakiweka wapi. Hana banda. Mgongo haumruhusu. Wendy hataki mafuta kwenye zulia. Na zaidi ya hayo, maneno yake haya nayaandika kama alivyoyasema: "Nilimuona yule mwanamume alivyokishika. Mimi ni mtoto wa aliyekiunda. Yeye ndiye anayekielewa. Lakini zawadi aliyonipa mbele ya watu nitairudishaje bila ya kumtukana?" Miezi miwili hakulala vizuri.

Nilicheka, Ami, Mungu anisamehe, mpaka Wendy akaja mlangoni. Wewe huli chakula Darsait kwa ajili ya heshima yake, yeye halali Auckland kwa ajili ya heshima yako, na mimi katikati nimefungwa mdomo na nyinyi wawili.

Nikafikiri. Kusema siwezi. Lakini kusifu hakuna aliyenikataza.

Nikaweka kikombe chini nikamwambia, "Bwana Colin, kile kigari chako ni kizuri sana, mashaallah."

Akanitazama. Taratibu uso wake ukaanza kufunguka. Akakaa sawasawa kwenye kiti, akaweka mkono kifuani kama alivyokuona wewe ukifanya, akasema, "Ni chako."

Najua, Ami, mtoto aliyelelewa anajibu nini hapo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nikamwambia, "Asante. Nimekipokea." Tukapeana mikono, naye akanifungulia ahadi yake, nikuandikie yote. Wendy ni shahidi, ingawa hakuelewa kitu.

Basi kigari ni changu. Nimepewa na mwenyewe, ambaye alipewa na wewe, uliyepewa na Nasr, ambaye babu yake alipewa na Walter. Hakijapata kuuzwa hata siku moja, na mimi sitakiuza. Ila mimi ni mwanafunzi, ninakaa chumba kimoja, na ninarudi nyumbani Julai. Nakuomba kikae Ghala kwa amana yako. Fungua sanduku. Na masharti ya mwenye mali ni haya: kisifunikwe turubali, na kiendeshwe, usiningoje. Bwana Colin naye ana ombi lake. Anataka arekodiwe mlio wa kigari, alale nao.

Binti yako, mwenye kigari,
Shatha

*

Darsait
25 Aprili 2025

Shatha,

Umekosa adabu, na Mungu akuzidishie.

Barua yako niliisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Mama Mahfudha yeye alikuwa ameshaimaliza kabla yangu na ameshaanza kupiga vigelegele jikoni. Nilikwenda kwa Nasr kumuomba radhi kwa ule ukelele. Kasema alikuwa ameshausahau, uongo, lakini uongo mzuri.

Leo asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, tumekwenda kwenye kile kiwanja kitupu cha Osama pembezoni mwa Ghala. Amekikwangua kwa greda, katia na maji. Mama Mahfudha kaninunulia kofia ya chuma ya bluu, kasema bila ya hiyo nipite juu ya maiti yake. Nikaingia. Ukikaa humo hakuna mbele wala nyuma, una boneti, usukani na magoti yako. Nasr akanigusa kwa pikapu, taratibu, nikasikia udongo unaanza kupita chini yangu. Nikakiunga kijiti. Kikakohoa mara mbili, kikashika.

Shatha, sina maneno yake. Mzunguko wa kwanza niliogopa. Wa pili niliogopa kidogo. Wa tatu, kwenye kona ya upande wa barabara, mkia ukaachia, na mikono yangu yenyewe, bila ya kuniuliza, ikakata kulia, na kigari kikaenda kushoto. Kikaenda, wallahi, kama ulivyoandika. Niko ubavu ubavu nnateleza, mzee mimi, nikapiga kelele ndani ya kofia. Nilisema nnataka mara moja tu. Nimezunguka mpaka mafuta yamekwisha. Nilipotoka nilikuwa nnalia, na sikuona haya.

Mlio tumeurekodi kwa simu ya Mama Mahfudha, nnakutumia umpelekee Bwana Colin. Muombe radhi, maana juu ya injini inasikika sauti ya mwanamke anayesema "Amur, polepole! Amur, basi!" mwanzo mpaka mwisho. Atalala nayo hivyo hivyo. Na mwambie baridi ikianza aje tena, safari hii akae yeye ndani nami nimsukume.

Jambo la mwisho. Wakati tunakipangusa udongo, akasimama mtu na gari yake kubwa, simjui, mtu mzima, kanzu safi. Akashuka, akakizunguka, akatoa simu apige picha, akaiweka tena mfukoni bila ya kupiga. Akasema, "Mashaallah. Kitu kizuri namna hii sijapata kukiona."

Nasr akaganda na kitambaa mkononi. Osama akatazama chini. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka, mwanangu, maana nimelelewa.

Nikamwambia, "Kina mwenyewe. Anarudi Julai."

Ami yako, na mtunza amana yako,
Amur